Kubuni muziki papo kwa papo: mtoto hujifunza kama lugha?

SONGEA. Katika nyumba nyingi za hapa, mtoto husikia Kingoni kwa bibi yake na Kiswahili mtaani. Hapewi kitabu cha sarufi. Husikiliza, huiga, hukosea, hurekebishwa, na kabla ya kuanza shule tayari anatunga sentensi ambazo hajawahi kuzisikia.

Wanamuziki wengi wa jazi husema kubuni muziki papo kwa papo hujifunzwa hivyohivyo. Je, ni kweli?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Mpiga saksafoni wa Marekani, Charlie Parker, akiwa kijana mwaka 1937, alikariri vipande vya Lester Young kwa kusikiliza rekodi zake. Aliiga kwanza, kisha akapata sauti yake mwenyewe.

Hapa nchini, bendi kama Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zilibeba jina la jazi, ingawa zilipiga muziki wa dansi. Nazo zilikuwa na mazungumzo yake: gita la rithimu hurudia mzunguko uleule, gita la solo likaongeza neno jipya juu yake. Mpigaji habuni ovyo. Hufuata mapigo na sauti za wimbo, kama msemaji anavyofuata sarufi.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa wapiga piano 11 wa jazi wakijibizana kwa muziki. Sehemu zinazoshughulikia sarufi zilifanya kazi zaidi, lakini ile ya maana za maneno ilipunguza kazi. Muziki una sarufi, ila hauna kamusi: huwezi kumwagiza mtu chumvi dukani kwa gita.

Hili linamhusu mzazi. Mtoto mdogo akisema "kitu yangu", hafukuzwi. Huambiwa "kitu changu", mazungumzo yakaendelea. Lakini akikosea kwenye kinanda, wengi huamua haraka kwamba hana kipaji.

Mzazi anaweza kuanza na wimbo mmoja anaoupenda mtoto. Auimbe kwanza, kisha autafute kwenye ala. Halafu jibizaneni: wewe piga makofi manne, naye ajibu kwa mapigo yake. Huhitaji kujua muziki.

Zaidi ya yote, mtafutie wenzake, iwe kwaya, bendi ya shule au ngoma ya lizombe. Hakuna anayejifunza kuongea akiwa peke yake.