Siasa Ilipobisha Hodi Nyumbani kwa Deng

Sisi watu wa Pwani tukisikia China siku hizi, twawaza reli ya kisasa iliyoanzia Mombasa, simu na bidhaa za bei nafuu. Ni nadra kujiuliza familia za huko zilipitia nini. Leo nataka kueleza yaliyoisibu familia ya Deng Xiaoping, maana naona yana funzo kwetu.

Mwaka 1966 Mao Zedong alianzisha Mapinduzi ya Utamaduni, akidai kuwa ndani ya chama mna viongozi wanaotaka kurudisha ubepari. Masomo yakasimama, wanafunzi wakaunda vikundi vya Walinzi Wekundu. Walivamia nyumba za watu, wakachoma vitabu, wakawaburura walimu na viongozi mbele ya umati ili watukanwe na kupigwa. Linaloniuma zaidi ni kwamba watoto walishinikizwa wawakane wazazi wao hadharani. Aliyekataa naye alihesabiwa adui.

Deng alikuwa katibu mkuu wa chama. Mpanda ngazi hushuka, akavuliwa madaraka. Mwanawe, Deng Pufang, alikuwa akisomea fizikia Chuo Kikuu cha Peking. Mwaka 1968, akiwa mikononi mwa Walinzi Wekundu, alianguka kutoka dirisha la ghorofani, akaumia uti wa mgongo na kupooza miguu. Kosa lake lilikuwa ni kuzaliwa na babake.

Mwaka 1969 Deng, mkewe Zhuo Lin na mama yake wa kambo walipelekwa mkoa wa Jiangxi. Kiongozi wa taifa akawa fundi katika kiwanda cha matrekta. Nyumbani walilima mboga na kufuga kuku. Mwaka 1971 waliruhusiwa kukaa na Pufang, na mzee huyo, aliyekwisha kupita miaka 60, akawa akimwogesha mwanawe kwa mikono yake.

Deng alirudishwa Beijing mwaka 1973, akaondolewa tena 1976, akarudi 1977 baada ya Mao kufariki. Ndiye aliyeongoza kufungua uchumi wa China. Pufang naye, mwaka 1988, akawa mwenyekiti wa shirikisho la taifa la watu wenye ulemavu.

Familia hiyo angalau ilikuwa na jina. Wapo wengi wasiojulikana ambao hawakuwa na wa kuwarudisha wala wa kuwasafishia jina.

Hapa kwetu, uchaguzi ukikaribia, nawaona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa ajili ya mwanasiasa ambaye hata majina yao hayajui. Kesho mwanasiasa huyo atahamia chama kingine na kupeana mikono na aliyekuwa akimtukana, nao ndugu wangali wamenuniana. Mchagueni mumtakaye, lakini salamu msikatiane. Cheo kilipomtoka Deng, waliobaki naye ni jamaa zake.