Barua zinazolikausha ini la mnywaji

Ukitaka kumtumia ndugu yako aliye Kisumu mzigo kutoka Kakamega, waufunga vizuri, waandika jina juu, kisha wamkabidhi utingo wa matatu. Ndani ya ini lako kuna uchukuzi kama huo, usiku na mchana.

Seli za ini hutoa vifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu. Hata ukipanga 10,000 kwa mstari, havitapita milimita moja hivi. Ndani mna protini na vipande vya maagizo ya urithi. Juu mna alama za kuamua ni seli gani itakayoupokea mzigo. Viligunduliwa mwaka wa 1983, na Rose Johnstone wa Montreal, Kanada, akavipa jina mwaka wa 1987. Kwa miaka mingi wataalamu wengi walidhani ni takataka tu.

Kumbe ni barua! Na kwa mnywaji wa chang'aa, barua hizo huleta habari mbaya. (Busaa nayo ni pombe, hata kama wazee wetu huiita chakula.) Ini huigeuza pombe kuwa asetaldehidi, sumu inayojeruhi seli. Seli iliyojeruhiwa hutuma vifuko vingi zaidi. Vingine huamsha seli za ulinzi, ini likaanza kuvimba. Vingine hufikia seli zenye umbo la nyota, ambazo kwa kawaida huweka akiba ya vitamini A. Zikiamshwa, hupoteza akiba hiyo na kuanza kufuma nyuzi za kovu. Kovu likienea, ini hukakamaa.

Wakati huo wote mwenyewe huenda asihisi lolote. Macho ya manjano, tumbo kujaa maji na kutapika damu huja baadaye, na hapo hawakosi watu wa kusema amerogwa.

Kovu likiwa bado changa laweza kupungua, mradi pombe iachwe kabisa. Lakini aliyezoea kulewa kila siku asiache ghafla bila kumwona daktari, maana anaweza kupatwa na kifafa.

Akiwa huko, aombe pia kupimwa damu kama ana virusi vya hepatitisi B, kwani virusi hivyo na pombe vikikutana ini huharibika upesi zaidi. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huo mwaka wa 2001. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo hiyo utotoni.