Wanazunguka, Wanakwenda Wapi?

Ndugu msomaji, ukisikia habari za mashindano ya magari, bila shaka fikra zako huenda kwenye Safari Rally: matope, vumbi, daraja lililochukuliwa na maji, na gari linalochomoza porini taa moja imevunjika. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na majina ya Joginder Singh na Shekhar Mehta yangali yakitajwa na wazee wetu barazani. Lakini uko mchezo mwingine wa magari, uliostawi zaidi huko Marekani, ambamo dereva haendi popote. Huondoka mahali, akazunguka, akarudi palepale, akazunguka tena mara mia mbili, daima akikata kona za kushoto. Anayeutazama mara ya kwanza hana budi kuuliza: "Hawa wanakwenda wapi?"

Swali hilo ni la haki. Kiwanja kinachojulikana kuliko vyote ni cha Indianapolis, kilichojengwa mwaka 1909. Umbo lake ni kama la yai lililonyooshwa ubavuni, na mzunguko wake mmoja ni kilometa 4. Magari 33 huanza pamoja, na mshindi hapana budi amalize mizunguko 200, yaani kilometa zipatazo 800. Mwaka 1911, mashindano hayo yalipofanyika kwa mara ya kwanza, Ray Harroun alishinda kwa mwendo wa wastani wa kilometa 120 kwa saa. Siku hizi magari ya hapo hupita kilometa 350 kwa saa.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe. Wewe uliyewahi kusimama ndani ya basi lililojaa wajua yanayotokea dereva akikata kona ya kushoto: abiria wote huelemea kulia. Gari la mashindano nalo huelemewa vivyo hivyo, na matairi ya kulia ndiyo yanayobeba taabu yote. Kwa hiyo mafundi hufunga upande wa kulia tairi lililo kubwa kidogo kuliko la kushoto. Ukitaka kujua sababu, chukua kikombe chenye mdomo mpana na kitako chembamba, ukiviringishe mezani. Kitazunguka chenyewe kuelekea upande wa kitako. Gari lililofungwa namna hiyo nalo hupenda kwenda kushoto, na dereva huwa amepunguziwa kazi.

Hata hivyo kazi iliyobaki si haba. Dereva mjuzi huingia kona kutoka upande wa nje, akashuka hadi ukingo wa ndani, kisha akaliachia gari lipande tena karibu na ukuta. Akikosea kidogo tu, ukuta unamngoja. Katika viwanja vya udongo mambo ni magumu zaidi, kwani gari huteleza ubavu, na utamwona dereva ameukata usukani kulia ilhali gari linakwenda kushoto!

Upo na upepo. Katika kiwanja cha Daytona, kilichofunguliwa mwaka 1959, kona zimeinuliwa kwa digrii 31, mwinuko ambao mtu kuupanda kwa miguu ni taabu. Huko gari la nyuma hujibana karibu sana na la mbele, nalo la mbele hulikingia upepo. Magari mawili yaliyofuatana hivyo hukimbia kuliko gari moja peke yake. Kwa hiyo dereva humhitaji mpinzani wake, mpaka ile dakika ya kumpita. Kujua dakika hiyo ndiko kunakowafanya watazamaji wasimame vitini.

Mchezo huu una kilio pia. Tarehe 18 Februari 2001, katika mzunguko wa mwisho wa mashindano ya Daytona, Dale Earnhardt, bingwa mara saba, aligonga ukuta akafariki. Baada ya msiba huo madereva walilazimishwa kuvaa kifaa cha kuzuia shingo isivunjike, na viwanja vikaanza kuwekewa kuta zinazobonyea. Mafunzo hayo yalinunuliwa kwa damu.

Lakini kisa kinachostahili kusimuliwa kwa watoto nyumbani ni cha Wendell Scott. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, fundi wa magari kutoka mji wa Danville, Virginia, aliyewahi pia kuendesha teksi. Hakuwa na tajiri wa kumlipia. Alinunua magari yaliyokwisha tumiwa na wengine, akayatengeneza kwa mikono yake, na wanawe ndio waliokuwa wasaidizi wake kiwanjani. Siku ya tarehe 1 Desemba 1963, huko Jacksonville, Florida, katika kiwanja cha udongo, aliwaacha wenzake wote nyuma. Hata hivyo bendera ya ushindi hakupungiwa. Mzungu, Buck Baker, ndiye aliyetangazwa mshindi na kupewa kombe. Watazamaji walipokwisha kwenda zao, wasimamizi wakakiri kwamba hesabu ya mizunguko ilikosewa, na kwamba mshindi ni Scott.

Ndugu msomaji, fikiri: mtu azunguke kwa saa nyingi, azidi kila mtu, kisha aambiwe hakuonekana! Scott hakuacha. Alishiriki karibu mashindano 500, hadi ajali ya mwaka 1973 ilipomvunja nguvu. Alifariki mwaka 1990 bila kulishika kombe lake. Jamaa zake walikabidhiwa mwaka 2021, miaka 58 baada ya ushindi wenyewe. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hapa haki ilitolewa, ila mwenyewe alikwisha kwenda.

Basi, wanakwenda wapi? Barabara yao hairefuki hata hatua moja. Linaloongezeka ni ujuzi, kwani kona ile ile hurudi kila mara na kumuuliza dereva swali lile lile. Mfanyakazi anayesimama mbele ya mashine ile ile kila asubuhi, na mama apikaye jikoni pale pale kila siku, wanalijua swali hilo. Ni kweli hawapungiwi bendera. Lakini ajuaye kuhesabu mizunguko atawaona.