Noradrenalini: Dawa Inayohesabiwa kwa Matone

Katika chumba cha wagonjwa mahututi mara nyingi huonekana dripu moja iliyotengwa na nyingine, imebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa, na muuguzi hurudi kuitazama kila baada ya dakika chache. Ndugu wa mgonjwa wakiuliza, huambiwa kuwa ni dawa ya kupandisha presha. Wengi hushtuka, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku presha ni ugonjwa wa kupanda, nao hawajapata kusikia mtu akipandishwa presha kwa makusudi. Dawa yenyewe mara nyingi ni noradrenalini.

Si kitu kigeni mwilini. Ncha za mishipa ya fahamu huitoa saa zote ili kuibana mishipa ya damu na kuipa damu msukumo, jambo lililobainishwa na Ulf von Euler wa Sweden mwaka 1946. Mtu anapopatwa na maambukizi makali yaliyosambaa mwilini, mishipa hiyo hulegea. Damu ipo, lakini haina nguvu ya kufika kwenye figo na ubongo. Noradrenalini ya dripu huirudishia mishipa ule mkazo, na kwa kawaida hulengwa wastani wa shinikizo la milimita 65 za zebaki. Dopamini, ambayo baadhi ya hospitali bado huitegemea, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Ila katika utafiti wa wagonjwa 1,679 uliochapishwa mwaka 2010, waliopewa dopamini walipatwa na mapigo ya moyo yaliyovurugika mara nyingi zaidi kuliko waliopewa noradrenalini.

Ubora huo una masharti, na sharti la kwanza ni hesabu. Chukulia mgonjwa wa kilo 60 aliyeagiziwa mikrogramu 0.1 kwa kila kilo kwa kila dakika, yaani mikrogramu 6 kwa dakika. Miligramu 4 za dawa zikitiwa katika maji ya sukari ya asilimia 5 hadi yatimie mililita 250, kila mililita hubeba mikrogramu 16, hivyo mgonjwa atahitaji mililita 22.5 kwa saa. Penye mashine ya dripu, hiyo ni namba ya kuingiza tu. Pasipo na mashine, seti ya kawaida ya matone 20 kwa mililita italazimika kutoa matone saba na nusu kwa dakika. Hakuna jicho linalohesabu nusu tone. Tone moja tu likizidi, dozi imepanda kwa zaidi ya asilimia 13. Mgonjwa akikunja kiwiko, imepungua bila mtu kujua. Seti ya matone madogo, 60 kwa mililita, ile iliyozoeleka katika wodi za watoto, huipa kazi hiyo nafuu kubwa, kwani dozi ileile huwa matone 22 au 23 ambayo muuguzi anaweza kuyahesabu kwa saa yake ya mkononi. Hata hivyo, mashine moja iliyopo wodini ikigombewa, noradrenalini ndiyo yenye haki ya kuipata.

Kabla ya kuvunja ampuli ni lazima lebo isomwe mpaka mwisho. Baadhi ya watengenezaji huandika uzito wa noradrenalini yenyewe, wengine huandika uzito wa chumvi yake, tartrati, na miligramu 2 za tartrati ni sawa na miligramu 1 tu ya dawa. Shehena mpya ya mtengenezaji mwingine inaweza kuipunguza dozi kwa nusu au kuiongeza maradufu, ilhali kila mtu wodini anafanya kama alivyofanya jana. Mfamasia anayepokea dawa hana budi kuwatangazia wauguzi badiliko la namna hiyo, kwa mdomo na kwa maandishi. Dawa iliyogeuka rangi ya waridi au kahawia hutupwa, na haichanganywi na sodiamu baikaboneti katika mrija mmoja.

Kisha kuna suala la mshipa. Mahali salama zaidi ni mrija unaoingizwa katika mshipa mkubwa, kama ule wa shingoni. Lakini kumwacha mgonjwa na shinikizo lililoporomoka kwa saa kadhaa huku mrija huo ukisubiriwa ni kumdhuru, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 kuhusu matibabu ya maambukizi makali unaruhusu kuanza kwa mshipa wa mkono kwa muda mfupi. Uwe mshipa mnene, kwenye kiwiko au juu yake, na kanula ijaribiwe kwa maji ya chumvi kwanza. Mishipa ya kiganja na kifundo cha mkono haifai. Mkono wenye dawa usifungwe kipimo cha presha: kikijaa hewa huizuia dawa, kikilegea dawa iliyokwama huingia kwa mkupuo. Vivyo hivyo, mrija huo usisukumiwe dawa nyingine. Katika mfano uliotajwa, mililita moja iliyokuwa imebaki kwenye mrija ingeingiza kwa sekunde dozi ya zaidi ya dakika mbili na nusu.

Dawa ikivuja nje ya mshipa, huibana mishipa midogo ya hapo mpaka ngozi ikose damu. Huanza kwa maumivu ya kuchoma, ngozi hupauka na kuwa baridi, na ikiachwa huweza kufa na kuwa nyeusi. Hapa ndipo mgonjwa mwenyewe, au mwanawe aliyeketi kando ya kitanda, anapokuwa na nafasi ambayo mashine haina. Mama mtu mzima akilalamika kwamba mkono unamuwaka, asiambiwe avumilie. Mgonjwa aliyelazwa usingizi hawezi hata kulalamika, na kwa huyo muuguzi afunue shuka na kuutazama mkono kila mara, akiwa na taa ya kutosha.

Ikivuja, dripu huhamishiwa mara moja kwenye mshipa mwingine, kwa sababu mgonjwa bado anaihitaji. Kanula ya zamani isichomolewe kwa haraka. Kwanza hufyonzwa kwa bomba la sindano kiasi cha dawa kinachoweza kutoka. Fentolamini, kama ipo, huchomwa kuzunguka eneo lililopauka, miligramu 5 hadi 10 katika mililita 10 hadi 15 za maji ya chumvi, mapema iwezekanavyo na ndani ya saa 12. Barafu ni kosa, japo hushawishi: baridi huzidi kuibana mishipa ileile.

Haya yote hayana maana ikiwa mishipa ni mitupu. Aliyepoteza damu nyingi huhitaji damu na kuzibwa anapovuja. Kumbana mishipa tu ni kukipendezesha kipimo. Lakini maji nayo si salama kwa kila mtu. Mjini Lusaka, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo la chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, walipewa kwa mpangilio maalumu maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha shinikizo, hasa dopamini. Waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 48.1, dhidi ya asilimia 33.0 ya waliotibiwa kwa kawaida. Anayeyaagiza haya mawili anapaswa kurudi kitandani kusikiliza mapafu na kupima mkojo.

Ndugu nao waje na dawa zote anazotumia mgonjwa nyumbani. Amitriptilini, ambayo wagonjwa wengi wa kisukari hupewa kwa ajili ya ganzi na maumivu ya miguu, huweza kuifanya noradrenalini ipandishe shinikizo kupita kiasi.

Nguvu ya dawa hii hupungua kwa nusu katika dakika mbili hivi. Kwa hiyo dripu mpya huandaliwa kabla ya ile ya kwanza kwisha, na mgonjwa akipata nafuu hupunguziwa hatua kwa hatua, shinikizo likipimwa kila hatua. Baada ya kanula kutolewa, mkono huendelea kutazamwa. Kidonda cha dawa iliyovuja huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, na mtu aliyekwisha ruhusiwa akiona lengelenge au ngozi inayogeuka nyeusi mahali palipokuwa na dripu, arudi hospitali siku hiyohiyo na kutaja jina la dawa aliyopewa.