Mnyonya Damu Ni Kiumbe wa Jamii Gani?

Muulize mzee yeyote wa Mombasa mumiani ni kiumbe gani, atakujibu kuwa ni mtu. Hatakuambia ni jini, wala mzuka, wala zimwi. Ni binadamu kama wewe na mimi, aliyetumwa kutafuta damu za watu, naye hulipwa kwa kazi hiyo. Jambo hili laonekana dogo, kumbe ndilo lililogharimu roho za watu wasio na hatia.

Wenzetu wa ng'ambo wamempanga mnyonya damu namna nyingine. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi mezani, mmoja akasimulia kisa, wengine wakajifanya mashujaa, na kete zikaamua nani ashinde. Vitabu vya mchezo huo vimepanga viumbe kwa jamii zao kama mwenye duka apangavyo bidhaa. Vampaya, yaani mnyonya damu wa Kizungu, amewekwa katika jamii ya wafu wasiotulia kaburini, pamoja na mifupa itembeayo, ghuli na mumia.

Msomaji wa pwani akiitazama orodha hiyo hatakosa kutabasamu. Ghuli ametolewa kwa Waarabu, na katika hadithi zao ni ndugu wa majini, alaye watu nyikani. Huku amehamishiwa kwa wafu. Jini amefanywa wa hewa na ifriti wa moto, ilhali sisi tumefundishwa kuwa majini wote asili yao ni moto. Na huyo mumia aliyekaa jirani na vampaya, jina lake na la mumiani wetu ni moja.

Neno hilo lilitoka Uajemi, likiwa ni jina la dawa nyeusi mfano wa lami. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, yaeleza kuwa watu waliitumia kwa mifupa iliyovunjika, na wengine waliiyeyusha katika samli wakainywa. Lakini yaongeza kuwa wengi waliamini dawa hiyo ni damu ya watu iliyogandishwa, na uvumi ukienea mjini, jua likitua hapana atokaye nje. Hivyo jina la dawa likawa jina la mwenye kuiwinda. Nairobi na Kampala za enzi ya mkoloni zilikuwa na wao pia, wakaitwa wazimamoto.

Sasa na tupande bara hadi Mlima Kenya, tuone Wameru na Waembu wamewapangaje viumbe wao.

Kwanza ni wafu. Wameru huwaita nkoma, neno lisilo geni kwa jirani zetu Wamijikenda, ambao husema koma. Waembu husema ngoma, lakini si ngoma ya kuchezwa. Hao ni wazee waliotangulia, ambao desturi ya kale iliwahesabu bado kuwa watu wa nyumba, wakamwagiwa pombe kidogo chini. Huweza kukasirika wakisahauliwa, lakini hawanyonyi mtu damu.

Pili ni irimu wa Waembu, ambaye kwa jina na kwa tabia ni ndugu wa zimwi letu. Yeye hula nyama ya watu, na mara nyingine hujigeuza kijana mzuri akaposa binti wa watu. Lakini makazi yake ni hadithini. Hadithi ikiisha, naye amekwisha.

Tatu si kiumbe wa ajabu hata kidogo. Wameru husimulia kuwa babu zao walitoka Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji, ambayo baadhi ya wataalamu wamesema ni kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu, waliowatwisha masharti yasiyowezekana: leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili, leteni mkuki ufikao mawinguni. Mwishowe wakavuka maji wakiongozwa na Koomenjwe. Mateso yote hayo hayakuwafanya Wameru wawaite mabwana wale mazimwi. Waliwakumbuka kwa mavazi yao, kama watu.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Zimwi lina alama zake. Vampaya wa mchezoni naye ana zake: jua humwangamiza, na kiooni haonekani. Mumiani hana alama yoyote. Kwa kuwa ni mtu, kila mgeni aweza kushukiwa, hasa akija na gari, chupa au sindano.

Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na kuchomwa moto. Walikwenda kuchukua udongo wa kupimwa, wakaitwa wanyonya damu. Mwaka uliofuata uvumi kama huo ulivuma kusini mwa Malawi. Watu kadhaa waliuawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Kenya ilipojenga vituo vya damu vya mikoa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mombasa ilipata chake na Embu ikapata chake. Sindano ya hapo hutoa damu ya mtu kweli, na chupa huwekwa kweli kwenye baridi. Lakini mwenye damu ameridhia, na anayeingojea ni mama aliyejifungua kwa taabu au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Pakivuma neno la mumiani, watu hukimbia, na yule mama hubaki kitandani akingoja.

Mtoto anayeogopa zimwi hulala mapema, wala hapana aliyedhurika. Mtu mzima akimwogopa mumiani hushika rungu. Basi kabla hatujampa mgeni jina hilo, tumuulize kwanza: umetoka wapi, na umetumwa nini? Zimwi haliwezi kujibu swali hilo, bali mtu ataweza.