Ahmed Kipande: Mwanamuziki aliyefunikwa na jina la Kilwa Jazz

WAPENZI wa muziki wa dansi wanapozitaja bendi za zamani za Dar es Salaam, jina la Kilwa Jazz halikosi kusikika. Jina la mwasisi wake, Ahmed Kipande, husikika kwa nadra zaidi, na jambo hilo lina sababu zake.

Kinyume na wengi wanavyodhani, bendi hiyo haikuasisiwa Kilwa. Kipande aliiunda Dar es Salaam mwaka 1958, wakati watu wa pwani ya kusini walipokuwa wakihamia mjini kutafuta kazi. Safari yenyewe haikuwa nyepesi. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na masika yaliweza kuifunga barabara. Aliyefika mjini alikaa, akawatafuta wa kwao. Walizikana, walichangiana harusi, na jioni walicheza dansi pamoja.

Bendi nyingi zilifuata mkondo huo. Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilikuwa na mizizi kwa watu wa Nzega. Hata neno jazi halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi, bali dansi la magitaa, saksafoni na tarumbeta, lenye ladha ya rumba ya Cuba iliyoingia Afrika Mashariki kwa santuri tangu miaka ya 1930.

Vyombo hivyo vilikuwa ghali. Kwa kawaida vilimilikiwa na klabu au mfadhili, na mwanamuziki aliyehama aliondoka mikono mitupu. Ndiyo maana jina la bendi lilitangulia, na la mtu likafuata kama lilifuata. Mambo yalikuwa tofauti kwa waimbaji wa opera wa Italia. Titta Ruffo, mwenye sauti nzito ya kiume, aliyezaliwa Pisa mwaka 1877, alialikwa kwa jina lake mwenyewe kuanzia Milan hadi Buenos Aires na New York. Jina hilo liliandikwa kwenye matangazo ya tamthilia na kwenye santuri, hata leo mtafiti anaweza kuufuatilia usiku wake mmoja baada ya mwingine. Kwa mwanamuziki wa Dar es Salaam wa miaka ya 1960, kilichobaki zaidi ni kanda za redio na santuri chache.

Redio ndiyo iliyozirekodi bendi hizo na kuzifikisha vijijini. Santuri zilitengenezwa Nairobi, njia iliyoparaganyika mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977. Kulikuwa na afueni kidogo mwaka 1964, chama cha wafanyakazi kilipounda NUTA Jazz na kuwalipa wanamuziki mishahara. Wengine waliendelea kutegemea viingilio vya mlangoni.

Suala hili si la kumbukumbu tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwimbaji au mpiga gitaa ambaye hakutunga hulindwa kwa miaka 50 tu tangu kurekodiwa. Kwa hesabu hiyo, aliyeimba mwaka 1965 bila kutunga, ulinzi wake ulikwisha mwaka 2015, ilhali warithi wa mtunzi wa wimbo huohuo bado wanaweza kudai.

Lakini atakayedai ni lazima athibitishe utunzi. Panapoandikwa jina la bendi peke yake, warithi hubaki na ushahidi wa wazee waliokuwapo ukumbini, na wazee hao wanapungua. Majina ya watunzi yaliyomo vichwani mwao yanaweza kuandikwa sasa, wimbo kwa wimbo, kanda zikiwa zinachezwa mbele yao.