KARATA ZA GIZA: NUNUA PICHA, USINUNUE WOGA!

Jamani, kuna karata na karata! Zile za wahedi wa sitini za barazani sote tunazijua. Lakini hizi za taroti, tena za mtindo wa giza, zenye mafuvu, majoka na mapepo ya pembe, mtu akikutandazia ufukweni Mangapwani kiza kikiingia, si utakimbia uache kanga? Ngoja kwanza. Tuzikague kama tunavyokagua samaki sokoni.

Kwanza, hesabu. Pakiti kamili ina karata 78: kubwa 22 na ndogo 56. Ndogo zina mafungu manne: vikombe, panga, sarafu na magongo. Unashangaa nini? Mbona unazo nyumbani! Kopa, shupaza, uru na pau ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno, na kwao maana yake ni kikombe, upanga, dhahabu na gongo. Ukoo mmoja tu, mwenzangu.

Na asili yake si uchawi. Zilianza kaskazini mwa Italia karne ya 15, watu wakichezea mchezo tu. Mambo ya kuagulia yalishika kasi Ufaransa karne ya 18. Picha zinazoigwa na pakiti nyingi za leo zilichorwa na bibi mmoja, Pamela Colman Smith, zikatoka London mwaka 1909. Wachoraji wengi wa giza wanazivisha nguo nyeusi tu.

Pili, mchoro. Ziangalie kwa mwanga wa chemli. Kama kikombe hukitofautishi na fuvu, hizo si karata, ni masizi!

Tatu, itafute namba 13, Kifo. Wanaozisoma husema maana yake ni jambo kwisha na jingine kuanza. Ndiyo maana Bibi Pamela aliweka jua kwa mbali nyuma ya farasi wa mauti. Pakiti ya giza iliyo nzuri huacha kajua hako. Ukiona damu tupu, ujue unauziwa woga.

Na woga una soko, ati! Mpiga ramli ana alama zake 16 za nukta, hana hata picha moja ya kutisha, lakini akiwa tapeli atakukamua vilevile. Mwaka 1995 popobawa alivuma Pemba mpaka Unguja, watu wakalala nje kwa makundi. Hapo Mjini mtu mgonjwa wa akili aliuawa akidhaniwa ndiye. Hakuna karata iliyomwua. Woga ndio uliomwua.

Hapo hapo Mangapwani kuna giza la kweli: chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, walimofichwa watumwa baada ya Sultani Barghash kufunga soko lao mwaka 1873. Hakikuchongwa na pepo mwenye pembe. Kilichongwa na watu, wakitafuta faida.

Basi msomaji wangu, picha zikikupendeza, nunua picha, utie kwenye fremu. Lakini mtu akikwambia karata imeonyesha nuksi, ulete hela nyingine aiondoe, kusanya kanga yako uondoke. Ada ya mtoto haiendi kwa fuvu la kuchorwa!